Sentimita Mbili na Milimita Nane

Kila siku ya kazi, kabla mgonjwa yeyote hajaitwa, anayelazwa kwanza kwenye kitanda cha chumba chetu ni Mzee. Mzee hana kichwa wala miguu. Ni kipande kinene cha plastiki ngumu, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na ndani yake mna pingili nne za bandia za uti wa mgongo ambazo kipimo chake kinajulikana tangu kiwandani. Anayemlaza ni Rula, mpimaji wetu. Humpangusa kwa kitambaa kikavu, humweka katikati ya godoro jembamba, hurudi kwenye kiti chake, na mkono wa mashine ya kupima mifupa hupita juu yake taratibu, ukienda na kurudi kama pasi juu ya shati. Namba ikitoka hunisomea, nami huiandika. Kisha huniambia, "Soma tena."

Wenzetu wa vyumba vingine wakipita asubuhi huchungulia mlangoni na kuuliza Mzee ameamkaje. Rula hutazama karatasi ya miraba iliyobandikwa ukutani, ambako kila siku huweka nukta moja ya kalamu. Nukta ikikaa kati ya mistari miwili myekundu, hujibu kwamba Mzee hajambo, na kazi huanza. Katika miaka kumi na mitatu niliyokuwa karani wa chumba hicho, Mzee ameugua mara mbili. Mara ya kwanza kiyoyozi kilikuwa kimeharibika na chumba kimepata joto kali. Mara ya pili fundi wa umeme alikuwa amesogeza kitanda ili aufikie waya, akakirudisha kwa kukadiria. Siku zote mbili Rula alifunga mlango, akawaomba radhi waliokuwa kwenye benchi na kuwapangia siku nyingine. Mkuu wa hospitali alikuja kuuliza kwa nini chumba kimefungwa na mashine inawaka. Alijibiwa kwa adabu kwamba mashine inayowaka na mashine inayosema kweli ni vitu viwili.

Rula si jina alilopewa na wazazi. Baba yake alikuwa seremala wa milango na madirisha, naye ndiye mtoto wa kwanza. Kabla wadogo zake wa kiume hawajapata nguvu za kushika randa, yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya utepe wa kupimia, na kazi yake ilikuwa kusoma namba kwa sauti. Baba hakuandika mpaka aisikie mara mbili. Alisema "Soma tena" hata kama mteja amesimama mlangoni akichezesha funguo. Rula husimulia kwamba siku moja aliudhika akamwuliza baba kama hamwamini.

"Wewe nakuamini," baba alimjibu. "Nisiloliamini ni jicho, hata langu."

Alimaliza sekondari, akasomea upigaji wa picha za eksirei, akaifanya kazi hiyo kwa miaka minane. Mashine ya kupima mifupa ilipoletwa, ndani ya masanduku matatu ya mbao, hakuna aliyeigombea. Chumba chake kiko mwisho kabisa wa ukumbi, jirani na stoo ya mashuka, na watu walisema ni kazi ya kuzeekea. Yeye aliiomba. Mafundi walioifunga walitufundisha siku tano wakaondoka, wakaacha kitabu cha maelekezo kinene kama tofali. Alikisoma kwa miezi miwili, kamusi pembeni, akiandika pambizoni kwa penseli. Ukifungua kitabu hicho leo utakuta kurasa za tahadhari, zile ambazo watu huziruka, ndizo zilizochakaa kuliko zote.

Ubao wetu wa kupimia urefu ulikuja baadaye. Fimbo ya kupimia urefu tuliyopewa ilikuwa na kichwa kilicholegea, kikawa kinashuka chenyewe, hata wagonjwa wa mwisho wakaonekana wafupi kuliko wa mwanzo. Rula aliandika barua mbili kuomba nyingine. Hakujibiwa. Jumamosi moja akaenda karakana kwa baba yake, aliyekuwa amekwisha kustaafu lakini hajauza hata patasi moja, wakachagua mbao ngumu iliyokauka miaka mingi, wakaikata mita mbili, wakachonga milimita zote kwa ncha ya kisu na kuzitia wino. Kipande cha kuteleza, kile kinachogusa utosi, kilipigwa pembe mraba mpaka mzee akaridhika, na mzee yule haridhiki upesi. Ulipoletwa hospitalini, umefungwa kwa shuka kama maiti, daktari wa kliniki ya viungo aliuliza kama tumegeuka karakana. Ndipo wakaanza kumwita Rula. Mwanzoni ilikuwa kejeli, kisha mazoea, na sasa hata mume wake humwita hivyo.

Mashine yenyewe huuliza urefu wa mgonjwa, lakini inaridhika na chochote unachoiandikia. Wengi wa kazi hii humwuliza mgonjwa na kuandika anachosema, na mtu mzima husema urefu aliokuwa nao ujanani. Rula hakubali. Humvua kila mtu viatu, kofia au kilemba, humsimamisha visigino na mgongo vikigusa ubao, humwambia atazame mbele, kisha hushusha kile kipande. Huandikisha na saa, kwa kuwa mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Daftari langu halikuwa na safu ya urefu. Aliniomba niutie katika safu ya mwisho, iliyoandikwa "Maoni", ambayo ilikuwa tupu siku zote. Nikawa nauandika humo, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, bila kujua unangoja nini.

Wengi wanaokuja kwetu wanatumia steroidi kwa miaka. Wapo wenye pumu, wenye baridi yabisi, wenye maradhi ya ngozi na ya figo. Ni vidonge vidogo ambavyo vimewatoa wengi kitandani, na nimewaona wakivibusu. Lakini vikitumika muda mrefu hula mifupa kwa ndani, polepole, bila maumivu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, nasi katika chumba chetu tunajua kwamba mwenye gogo hasikii shoka. Mashine hupima madini yaliyobaki katika pingili za mgongo na nyonga, ili daktari ajue kama dawa ya kulinda mifupa inafanya kazi. Wapo waliowahi kusikia habari hizo wakaacha steroidi kwa ghafla, wakaletwa wamezimia. Kwa hiyo kila mgonjwa, kabla hajashuka kitandani, Rula humwambia maneno yaleyale: asiache vidonge kwa sababu yake, yeye anapima tu, wa kupunguza ni daktari.

Siku ninayoieleza ilikuwa Jumanne, na mgonjwa wa tatu alikuwa wifi yake.

Wifi huyo ni dada mkubwa wa mume wa Rula, na ni mpishi mkuu wa shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiinua masufuria ambayo mwanamume mzima huyatazama mara mbili kabla ya kuinama. Baridi yabisi ilipomkamata vidole na magoti, steroidi ndizo zilizomrudisha jikoni, na alikuwa amezitumia miaka tisa. Muhula uliotangulia daktari alimpumzisha, akasema hatainua kitu mpaka mifupa ipimwe upya. Sasa shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Mkuu wa shule alimwambia waziwazi kwamba asipoleta barua ya daktari siku hiyo, ya kusema anaweza kazi, ukuu wa jiko utakwenda kwa msaidizi wake. Hakulilia kitu kingine. Alikuja kutafuta barua.

Kumpima ndugu si jambo zuri, lakini chumba kina mpimaji mmoja. Tena mawifi hao walikuwa wametaniana tangu harusini, utani wenye chumvi ya kutosha na siku nyingine pilipili. Wifi alipofikishwa kwenye ubao na kuambiwa avue kilemba, alinitazama mimi kwanza.

"Wifi, unanivua kilemba mbele ya karani?"

"Kilemba hakina mifupa. Vua."

"Kaka yangu alioa askari wa forodha," akasema, akivua.

Kipande kilishuka. Rula akasoma mia na hamsini na nane, nukta sita. Nikaandika. Akaniambia nisome tena, nikasoma. Aliinama akaitazama milimita kwa karibu, nami sikulitia jambo hilo maanani.

Alimlaza, akamwinulia miguu juu ya boksi la sponji ili mgongo ukae bapa, akampima mgongo kisha nyonga. Wifi alipoinuka alikitupia jicho kioo cha mashine. Si mtu wa kudanganywa na namba. Mtu anayegawa chakula cha watu mia sita anazijua. Aliona namba ya mgongo ya mwaka mmoja na nusu uliopita, akaona na ya leo, na ya leo ilikuwa kubwa. Imeongezeka asilimia nne. Kabla Rula hajafungua mdomo, wifi yake alikuwa amekwisha kuvaa na kutoka, na tukamsikia akiwahubiria walio kwenye benchi kwamba mifupa yake imerudi usichana. Daktari wa kliniki ya viungo alikuwa anapita. Alichungulia, akaitazama asilimia ile, akapiga kofi moja la furaha na kumwambia mgonjwa wake aje Alhamisi achukue barua.

Rula hakusaini majibu.

Kwanza alimrudisha Mzee kitandani. Mzee alikuwa hajambo, nukta katikati ya mistari. Kisha alitoka akamwita wifi yake alale tena. Wifi akauliza kama sura yake imependeza kiasi hicho. Rula alimkagua kama kuna pini, kifungo au sarafu iliyosahaulika, maana chuma hudanganya mashine, asione kitu. Akampima upya. Namba zilitoka zilezile. Basi mashine ilikuwa sawa, ulalaji ulikuwa sawa, na bado hakusaini. Aliketi akafungua namba za pingili mojamoja, jambo ambalo si lazima, kwa kuwa fomu huonyesha jumla tu.

Pingili ya kwanza ilikuwa imepungua kidogo. Ya tatu imepungua. Ya nne imepungua. Nyonga nayo imepungua. Pingili ya pili peke yake ilikuwa imepanda zaidi ya moja ya tano, ikazibeba zile nyingine zote na kuipandisha jumla.

"Karani," akasema, "nitolee daftari la mwaka juzi. Safu ya mwisho."

Nililitoa kabatini nikatafuta siku ile. Saa tatu asubuhi, kama leo. Nikamsomea mia na sitini na moja, nukta nne. Kisha akaniambia nisome tena, na safari hii nilisoma nikielewa. Wifi yake alikuwa amepungua sentimita mbili na milimita nane, na watu hawapungui urefu namna hiyo kwa kupika.

Aliona sijaelewa yaliyobaki, akachukua boksi tupu la glovu mezani, akaliweka kitini, akalikalia. Alipoinuka lilikuwa bapa. Akaniuliza kama karatasi ya boksi imeongezeka. Nikasema haikuongezeka. Akaniambia ni ileile, ila sasa imebanana mahali padogo, na mashine inayotazama kutoka juu itasema limekuwa boksi zuri, nene. Ndivyo pingili inavyofanya ikibomoka. Namba hupanda.

Alimwita wifi yake pembeni, akamwuliza kama mgongo umewahi kumwuma. Wifi alijibu kwamba mgongo wa mpishi ukiacha kuuma ujue amezikwa. Rula akamwuliza mara ya pili, polepole, kama kuna siku moja maalumu. Wifi akatazama mlango, akasema hakuna.

Kupiga picha ya eksirei kunahitaji saini ya daktari, kwa hiyo tulikwenda kwake wote wawili, mimi nimebeba madaftari. Daktari huyo ni mtu mwema na mwenye kazi nyingi, na siku ile benchi lake lilikuwa limejaa hadi ngazini. Alisikiliza huku akiandika. Alisema mgonjwa hana maumivu, dawa imefanya kazi, na asilimia nne ni kitu kinachotarajiwa. Kisha akaweka kalamu chini, akamwuliza kama namba nzuri zinamkera.

"Namba nzuri hazinikeri, Daktari. Inayonikera ni ile isiyo na sababu."

Daktari alimwambia afikirie vizuri. Huyu ni wifi yake, na watu watasema amemzibia riziki.

"Watasema," Rula akamjibu. "Nitawasikia."

Nikafungua madaftari mawili mbele yake, nikaweka kidole kwenye safu ya mwisho ya hili na ya lile. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mwishowe akasaini karatasi ya picha, lakini foleni ya eksirei ilikuwa ndefu na siku iliyopatikana ilikuwa Ijumaa. Akasema barua itangoja. Alimwachia Rula kazi ya kumweleza mgonjwa, na Rula akamweleza: kuna pingili moja ambayo kipimo chake hakielezeki, na mpaka ipigwe picha asiinue hata ndoo. Wifi hakusema utani wowote. Alifunga kilemba chake akaondoka.

Yaliyotokea Alhamisi alasiri nilielezwa na mume wa Rula, kwa kuwa Rula mwenyewe hakunisimulia. Mama mkwe aliwaita wote nyumbani kwake. Alimketisha Rula kwenye kochi dogo, linalotazamana na dirisha, mahali ambapo familia hiyo humketisha mtu mwenye kesi. Akamwuliza kwa upole kuna neno gani kati yake na binti yake. Binti alijibu kabla ya aliyeulizwa. Alisema daktari alikwisha kukubali, kwa mdomo wake, mbele ya benchi zima, na aliyezuia ni mtu mmoja. Alikumbusha kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa aliwahi kulicheka pishi la Rula mbele ya wageni, akasema walimwengu wanajua kuweka kinyongo, na leo Rula ameipata zamu yake ya kulipa. Mume alijaribu kuingia kati, dada yake akamwambia anyamaze, mke wake akamwambia anyamaze. Aliniambia siku ile alijiona kama ngoma ya ngozi mbili, kila upande unapigwa.

Rula angeweza kueleza yote kwa dakika tano, na boksi la glovu lingetosha. Lakini habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata mgonjwa mwenyewe akiitangaza barabarani. Alingoja mpaka wote wakamaliza.

"Mama," akasema, "mambo ya kitandani kwangu hayasemwi sebuleni. Picha ni kesho. Nikiwa nimekosea, nitamwomba wifi radhi hapahapa mbele yenu, na barua nitaipeleka shuleni kwa mikono yangu."

Mama mkwe alimtazama, akasema haya, tungoje. Chai ililetwa. Wifi hakunywa.

Ijumaa picha ilipigwa kutoka ubavuni, na mwenzake wa zamani wa chumba cha eksirei akaipeleka moja kwa moja kwa daktari bila kumwonyesha Rula, kama alivyoomba mwenyewe. Baada ya nusu saa tuliitwa. Wifi alikuwa ameketi, mkoba mapajani. Daktari alikuwa ameitundika picha kwenye kisanduku cha taa. Haikuhitaji elimu. Pingili zilipangana kama matofali, moja juu ya nyingine, na katikati yao moja ilikuwa imebonyea upande wa mbele, imekuwa kama kabari. Ilikuwa ya pili.

Daktari alimwambia mgonjwa wake kwamba pingili hiyo imevunjika, na si leo wala jana. Alieleza kwamba wanaotumia steroidi huvunjika hivyo bila kuanguka na mara nyingi bila maumivu makubwa. Hakuyazunguka maneno. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari kuandika barua Jumanne ileile.

Wifi alitazama picha. Mwanamke huyo ana sauti inayofika bwenini kutoka jikoni, lakini safari hii ilibidi tuiname ili tumsikie. Alisema miezi mitano iliyopita aliinama kuchukua ndoo ya maji nyumbani, akasikia mgongoni kitu kama kijiti kimekatika. Alilala siku tatu akidai ana mafua. Hakumwambia mtu, kwa kuwa alijua wakisikia hawatampa barua. Nikakumbuka alivyoutazama mlango. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Yeye aliumbuliwa mapema, na ilikuwa bahati yake.

"Ningeinua sufuria Jumatatu, ingekuwaje?" akauliza.

"Ya tatu ingeifuata," daktari akasema. "Labda na ya nne."

Akageuka kwa Rula.

"Wifi, wewe ulijuaje?"

"Ulivua kilemba."

Sikutegemea kicheko mahali hapo, lakini wifi alicheka, kicheko kilichokatika katikati kikawa kilio kidogo. Rula akamshika bega mpaka kikapita.

Jumatatu wifi alikwenda shuleni bila barua. Alikwenda na picha. Aliitundika kwenye dirisha la ofisi ya mkuu wa shule ili mwanga upite, akamwonyesha kabari yake, akamwambia miaka ishirini na miwili ya masufuria ndiyo ile pale. Sijui walizungumza nini kingine. Ninachojua ni kwamba ukuu wa jiko haukwenda kwa msaidizi. Waliajiriwa wanaume wawili wa kuinua, na wifi akapewa kiti kirefu, anasimamia kwa mwiko. Wanaume hao wanasema masufuria ni mepesi kuliko ulimi wake. Daktari alibadilisha dawa yake ya mifupa, akaacha vidonge vya kila wiki akampa dripu ya mara moja kwa mwaka, na steroidi zikapunguzwa kidogokidogo.

Mama mkwe hakuita kikao kingine. Alikuja mwenyewe hospitalini siku ya kawaida, akapita ukumbi mzima na bakora yake, akaingia chumbani kwetu na kuomba apimwe urefu. Alipoulizwa kama ana ugonjwa, akasema hana, anataka tu kusimama kwenye ubao huo. Rula akamvua viatu.

Wiki iliyofuata daktari alileta fomu mpya aliyoichapisha mwenyewe. Ilikuwa na safu ya urefu, na chini yake maneno: umepimwa, haukuulizwa. Kisha akaomba madaftari yote ya miaka kumi na mmoja. Tuliyapitia kwa wiki tatu, saa za chakula cha mchana, yeye akitafuta majina, mimi nikisoma safu ya mwisho, Rula akitoa hesabu. Tulipata watu kumi na wanne waliokuwa wamepungua zaidi ya sentimita mbili bila mtu kuliona. Waliitwa. Tisa walipigwa picha wakakutwa na pingili zilizobonyea, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa michezo aliyekuwa bado anaruka kamba na wanafunzi wake. Daktari alisema jambo hilo katika kikao cha asubuhi cha madaktari wote, akalitaja jina la Rula, lile la kweli, na wengi ndiyo mara ya kwanza walikuwa wanalisikia. Yeye hakuwepo. Alikuwa na Mzee.

Nilimwuliza kama alimwambia baba yake. Aliniambia alikwenda karakana Jumamosi, akamweleza yote kuanzia kilemba hadi kabari. Baba alikuwa anasugua mguu wa kiti kwa msasa, hakuacha.

"Ubao haujapinda?" akauliza.

"Haujapinda, baba."

"Basi."

Lakini alipotaka kuondoka, baba alimpa chupa ndogo ya wino na brashi nyembamba, akamwambia milimita za kati zitakuwa zimefifia kwa vichwa vya watu, azipitie.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, saa tatu asubuhi, wifi alirudi kwa kipimo. Benchi lilikuwa limejaa. Aliingia na kilemba mkononi, viatu amekwisha kuvivua mlangoni, akaenda kusimama kwenye ubao bila kuambiwa, visigino vimegusa, macho mbele. Rula akashusha kipande na kusoma. Nikaandika. Nilifungua daftari la nyuma kulinganisha, na kabla Rula hajasema neno lake la kila siku, wifi alilisema yeye, kwa ile sauti ya jikoni, ili benchi zima lisikie.

"Karani, soma tena."

Nikasoma. Mia na hamsini na nane, nukta sita. Hakuna hata milimita iliyopotea.